Jablonec, Mji wa Shanga na Vijiwe

Akina mama wa Kimoravian wanaojaliwa kufika Ujerumani huenda Herrnhut, na wakirudi hutusimulia habari za Herrnhut. Wana haki. Kijiji hicho kilianza mwaka 1722, wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipopewa mahali pa kujenga katika ardhi ya bwana mkubwa wa Kijerumani aliyeitwa Zinzendorf, na ndiko walikotoka wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Makaburi yake, ambako mawe yote yamelazwa sawasawa, la tajiri kando ya la maskini, kila mgeni huyapiga picha. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Herrnhut katika orodha ya urithi wa dunia. Hayo yote mmekwisha kuyasikia. Leo nataka kuwapeleka mbele kidogo, ng'ambo ya mpaka, hadi mji ambao wageni wetu hawaufikii, ingawa vitu vilivyostawi huko vimo katika sanduku la nguo la karibu kila mama.

Mji huo unaitwa Jablonec nad Nisou, nao uko kaskazini mwa Jamhuri ya Cheki. Kutoka Herrnhut unapanda basi hadi Zittau, mji wa mpakani. Hapo unapanda treni ya kwenda Liberec. Ni treni fupi, na kabla ya kuingia Cheki hukatiza kipande kidogo cha Poland, hata unaweza kupita nchi tatu kabla chai ya chupa yako haijapoa. Viza moja ya Schengen inatosha kwa zote. Ukikaribia Liberec utaonyeshwa mlima Ještěd wenye mnara mrefu uliochongoka kileleni. Urefu wake ni mita 1,012 na wenyeji wanauonea fahari sana. Mtu wa Mbeya atautazama kwa adabu na kunyamaza. Liberec unabadili treni, unapanda taratibu kati ya miberoshi na nyumba za paa kali, na baada ya muda si mrefu umefika.

Jina la Jablonec limetokana na mti wa tufaha, na mti huo umo katika nembo ya mji. Lakini mimi sikwenda kutafuta matufaha.

Kikundi chetu cha akina mama huko Mbeya hutengeneza fulana za semina, za kwaya na za sherehe, zenye maandishi ya vijiwe vinavyong'aa. Bila shaka mmeziona. Kila kijiwe ni kioo kidogo kilichochongwa juu, bapa chini, na chini pale pana gundi inayoyeyuka kwa moto. Tuko tisa. Tumekuwa tukipanga vijiwe kwa kibano, kimoja kimoja, juu ya mstari uliochorwa kwa chaki. Maneno AKINA MAMA peke yake hula vijiwe 430 hivi, na mama mwenye mkono mwepesi hutumia asubuhi nzima kwa fulana moja. Wawili kati yetu ni wajane. Malipo ya kupanga, ambayo ni kwa kila fulana, ndiyo ada ya shule ya watoto wao.

Mwaka jana vijana wa duka moja la kukata stika za daladala walituambia kwamba ile plota yao inaweza kukata kiolezo, yaani karatasi nene yenye matundu, na kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika tano. Wengine wetu walishangilia. Wale wajane hawakusema kitu. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Herrnhut na wenzangu wa kanisa, niliomba siku mbili za kuvuka hadi Jablonec, kwa sababu nilikuwa nimesikia kuwa huko watu wameishi na swali kama letu kwa vizazi vingi.

Makumbusho ya Kioo na Mapambo

Mahali pa kuanzia ni makumbusho ya kioo na mapambo, yaliyoanzishwa mwaka 1904. Mwanamke asiye na muda wa makumbusho, kama nilivyo mimi, atakaa humo nusu siku. Kuna vifungo vya nguo, bangili, hereni, mapambo ya mti wa Krismasi, na shanga kwa maelfu zimeshonwa kwenye kadi za sampuli. Mbele ya kadi za shanga ndogo nilisimama muda mrefu. Nyekundu ile, buluu ile, nyeupe ile, rangi ya machungwa ile! Ni rangi tunazoziona shingoni kwa akina mama wa Kimasai. Shanga nyingi wanazovaa kwa zaidi ya miaka 100 zimetoka katika mabonde haya, nazo bado zinatengenezwa katika vijiji vya jirani. Mmasai anayeuza mkufu barabarani Arusha na fundi wa kioo wa Bohemia hawajaonana kamwe, lakini wamelishana.

Kwa nini kazi hii ilikaa hapa? Milima ya Jizera, inayouzunguka mji, ilikuwa na kuni nyingi, maji ya kasi na jiwe jeupe la kuyeyusha, wakati ardhi yenyewe ni ya baridi na haizai sana. Tanuru za kioo zilianza katika karne ya 16. Watu wasioweza kuishi kwa kulima waliishi kwa kioo.

Vijiwe vya kung'aa vina habari yao. Zamani jina la Kiingereza lilitokana na mto Rhine, kwa sababu mawe angavu yaliokotwa huko. Kisha katika karne ya 18 sonara mmoja wa Paris, Georg Friedrich Strass, akasifika kwa kuiga almasi kwa kioo kilichotiwa risasi, na mpaka leo Wajerumani na Wacheki huviita vijiwe hivi kwa jina lake. Lakini kuchonga kila kijiwe kwa mkono ilikuwa kazi ya polepole. Katika kijiji kinachoitwa sasa Jiřetín pod Bukovou, si mbali na Jablonec, alizaliwa mwaka 1862 mtoto wa mchonga kioo, Daniel Swarovski. Mwaka 1892 alipata hataza ya mashine ya umeme ya kuchonga vijiwe. Mwaka 1895 aliihamishia kazi yake Wattens, huko Austria, penye nguvu za maji na mbali na macho ya washindani wake. Hakuwaachia jirani zake mashine.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona swali letu la Mbeya kwa upande mwingine. Katika Jablonec ya zamani, juu kabisa walikuwa wafanyabiashara waliopeleka bidhaa ng'ambo. Chini yao wenye karakana na vifaa. Chini kabisa walikuwa akina mama na watoto majumbani, waliotunga shanga kwenye uzi na kushona vifungo kwenye kadi usiku kwa mwanga wa taa, wakilipwa kwa hesabu ya vipande. Tajiri alinunua kwa grosi, yaani dazeni 12, vipande 144, kama wazee wetu wa pwani walivyohesabu nguo kwa korija. Hesabu hiyo haijafa. Pakiti za vijiwe unazonunua leo bado zinaandikwa grosi 1, au grosi 10 ambayo ni vijiwe 1,440. Neno letu AKINA MAMA ni grosi 3 kamili, ukiondoa kijiwe kimoja au viwili vinavyopotelea chini ya meza.

Mji wenyewe umepita katika mambo mazito. Wakazi wengi walikuwa Wajerumani, na baada ya vita, mwaka 1945 na 1946, walifukuzwa. Wengi wao walikwenda Bavaria, karibu na Kaufbeuren, wakajenga kitongoji wakakiita Neugablonz, yaani Jablonec mpya, wakaanza tena na kioo kile kile. Waliobaki na waliohamia Jablonec waliwekwa chini ya mashirika ya serikali. Preciosa, ambayo hata leo hutengeneza vijiwe, iliundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha viwanda vidogo vidogo. Watu walipoondoka walichukua ujuzi, si mashine. Na ujuzi ulitosha kuanzia. Nililiandika hilo katika daftari langu.

Mezani kwa Mwenyeji Wangu

Nilipokelewa na mama mmoja wa makamo, mwamini mwenzetu, ambaye binti yake aliyajua Kiingereza vizuri akatutafsiria. Jikoni kwake kulinukia kabichi chungu na mkate wa moto. Nilimwita Mama, na binti alipomweleza kwamba kwetu ndivyo tunavyoheshimiana, alicheka akaniita hivyo hivyo. Yeye hupamba mavazi ya watoto wa ngoma na michezo ya viungo kwa vijiwe, hapo hapo kwenye meza ya chakula. Plota yake ni ndogo, inakaa juu ya kabati la vyombo.

Akina mama mnaotaka kujifunza, sikilizeni jinsi anavyofanya, maana aliniruhusu kukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwanza huchora neno kwenye kompyuta, na mstari wa kila herufi huujaza miduara. Vijiwe vina namba za ukubwa. Namba 6 ni kama milimita 2, namba 10 ni karibu milimita 2.8, namba 16 ni karibu milimita 4. Yeye hupenda namba 10 kwa maandishi. Sasa siri iko hapa: tundu lazima liwe kubwa kidogo kuliko kijiwe. Kwa namba 10 yeye hukata tundu la milimita 3.2 au 3.3. Likiwa dogo zaidi kijiwe hakiingii; likiwa kubwa mno kinaingia kichwa chini, au vinaingia viwili vikigombana. Na kati ya tundu na tundu lazima ibaki nyama kidogo, la sivyo karatasi inachanika.

Karatasi yenyewe si ile ya stika za kawaida. Ni nene, upande wa chini inanata, upande wa juu ina manyoya mafupi kama mahameli. Manyoya yale husaidia vijiwe kuteleza na kugeuka. Kisu cha plota huwekwa kile chenye ncha kali zaidi, cha vitu vinene, mwendo hupunguzwa, na mara nyingi mashine hupitishwa mara mbili juu ya mstari ule ule. Kabla ya yote hukata matundu matano tu ya kujaribia, pembeni, na kuyajaza vijiwe. Mama huyu hakubali kuruka hatua hiyo hata akiwa na haraka ya namna gani, nami namuunga mkono, maana karatasi hiyo si rahisi.

Baada ya kukata hubandua karatasi polepole, na vile vidonge vya matundu hubaki nyuma kwenye karatasi ya chini. Vinavyong'ang'ania huviondoa kwa sindano. Kisha kiolezo hubandikwa juu ya ubao laini au kadi ngumu. Hapo kimekamilika, na tangu hapo mashine haina kazi tena.

Kinachofuata ni kazi ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Unaweka ubao ndani ya sinia, unamwaga vijiwe konzi moja, unasugua kwa brashi laini kwa kuzungusha, kama unavyofuta unga mezani. Vijiwe vinaruka, vinageuka, na kila kimoja kinaangukia kwenye tundu lake, uso juu. Inapendeza kutazama. Kinachoingia vibaya hukaa kimeinuka, brashi hukipiga na kukitoa. Vilivyobaki humwagwa kwenye sinia kwa fulana ijayo. Nilishika saa: dakika 4 kwa neno lenye vijiwe zaidi ya 300. Halafu unaweka juu nailoni ya kunata, unaikandamiza kwa kiganja, unainua, na neno zima linainuka nayo. Unalilaza juu ya fulana, unabana kwa mashine ya moto ya nyuzi 160 hadi 165 za Selsiasi kwa sekunde 15 hivi, unaacha lipoe, unabandua nailoni. Kisha unaigeuza fulana na kubana tena kwa ndani. Pasi ya nyumbani pia inafaa, ikiwa ya moto na haina mvuke, lakini uibonyeze bila kuiburuta.

Fulana kama hiyo hufuliwa kwa maji ya baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje, na haipigwi pasi juu ya vijiwe. Na jambo moja kwa ajili ya watoto: kioo cha kung'aa cha kizamani kilitiwa risasi, na baadhi ya vijiwe vya bei rahisi bado vinayo. Risasi ni sumu kwa mtoto. Kwa nguo ya mtoto mchanga, ambaye kila kitu ni kinywani, mimi nisingeweka kijiwe kabisa. Kwa wakubwa kidogo ulizeni vijiwe visivyo na risasi.

Nilimweleza habari za wajane wetu wawili. Alifikiri, kisha akasimulia kwamba bibi yake alitunga shanga katika kijiji cha upande wa Železný Brod. Alikuwa na vidole vya haraka kuliko wote kijijini, na haikumsaidia, kwa sababu uzi ulikuwa wa tajiri, shanga za tajiri, na bei ya tajiri. Aliyekuwa na kifaa chake mwenyewe, hata kidogo, alikuwa na neno la kusema. Binti alipomaliza kutafsiri, mama alisimama akaleta kiolezo kimoja cha zamani, kimefubaa manyoya. Alisema amekitumia mara nyingi mno hata hesabu imempotea, na bado kinafanya kazi.

Swali la Malipo

Nilirudi na violezo sita, nimevibana kati ya kadi mbili ndani ya begi ili visikunjike. Alinikatia maneno niliyomwandikia, na vitambaa viwili nilivyompelekea alivikubali kwa shida.

Kikundi kilikutana Jumamosi. Haikuwa mkutano mwepesi. Fulana tunazoagizwa ni 50 au 60 kwa mwezi, nazo hazitaongezeka mara kumi kwa sababu sisi tumepata kiolezo. Watu wa semina ni wale wale. Zamani fulana hizo zilikuwa kazi ya mwezi mzima kwa wapangaji. Sasa ni kazi ya siku chache. Mwenzetu mmoja, mwenye akili ya biashara, alipendekeza malipo ya kupanga yapunguzwe hadi nusu, maana jasho limepungua. Mwingine akamjibu kwamba mnunuzi hajapunguziwa hata senti, sasa hiyo nusu inakwenda wapi? Kimya kikapita.

Mimi niko upande wa huyu wa pili. Kiolezo kina gharama yake, na karatasi mpya itabidi tuagize Dar es Salaam na kuwalipa vijana wa plota. Basi gharama hiyo igawanywe kwa fulana zote kitakazotumika, na itaonekana ni ndogo sana kwa kila moja. Ikatwe hiyo. Kinachobaki ni cha aliyepanga, na muda alioupata ni wake, akauze maandazi au akapumzishe macho. Majina ya watu, ambayo ni moja moja na hayafai kukatiwa kiolezo, yaendelee kwa kibano na bei yake ya zamani. Tulikubaliana hivyo kwa miezi mitatu, kisha tutazame daftari.

Tulipokuwa tunataka kufunga kwa sala, mmoja wa wale wajane, ambaye tangu mwaka jana hakuwa amesema neno juu ya jambo hili, aliuliza violezo vitakuwa vinalala nyumbani kwa nani. Vinne vinalala kwake na kwa mwenzake. Viwili viko kwenye kabati la kanisa, vya kuwafundishia mabinti.